Namna ya Kulitamka

Liko ukurasa wa arobaini na moja:
Qrzhthvalg.
Herufi kumi, irabu moja, nayo imebanwa
kama abiria aliyekosea behewa.
Chini yake mwandishi ametia tanbihi:
“Kinywa cha mwanadamu hakiliwezi.”
Ahsante, ndugu. Na mimi nimelipwa kwa lipi,
nusu mkononi, nusu kitabu kikiisha,
kama si kutamka kila kilichoandikwa?

Studio yetu ni stoo ya duka la madaftari,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Magodoro matatu ukutani, moja lina ramani
ya mtoto wa mtu; hatuulizani.
Mbaruku huvaa hedifoni, huinua kidole.
Nakohoa. Naanza.

Kwanza nililisukuma lote kwa mkupuo,
likanikwama kooni kama mwiba wa changu.
“Umebeua,” akasema Mbaruku. “Tena.”
Mara ya pili ikatoka pikipiki iliyogoma kuwaka.
Mara ya tatu mate yakarukia maiki,
akaifuta kwa pindo la shati, polepole, bila neno.

Ulimi wangu umelelewa vingine.
Kwetu herufi hailazwi peke yake,
ikija bila mwenzi hutafutiwa,
i au u, ilimradi isilale kapera.
Ndivyo walivyokaribishwa kilabu na buluu,
na bulangeti, lililofika likitetemeka.
Basi na hili dude nikalitandikia:
Ku-ri-zi-thi-va-li-gi.
Likakaa. Likaomba maji.
Mla nyota, mzamisha miji,
sasa mtu wa Muheza tu,
amekuja kudai chenji ya machungwa.

Mbaruku akacheka hadi hedifoni ikamvuka.
“Lina ku- mwanzoni! Kitenzi hicho!”
Akanyambua palepale: nimerizithivaliga,
hajarizithivaliga bado,
na Mungu akipenda, Jumamosi
tutarizithivaligana.
Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta.
Hofu ya kurasa mia tatu ikatutoka,
na nusu yangu ya pili nayo nikaiona ikienda.

“Tuache kwanza,” akasema. “Soma utangulizi.”
Kimesomwa na Kalunde Isugul.
Hapo sikukwama.
“Isugul,” akauliza, “ndiyo kabila gani?”

Si kabila, Mbaruku. Ni dirisha.
Babu yake baba alikuja na manamba
kukata mkonge. Akafika dirishani,
akaulizwa jina, akasema: Ng'wizukulu,
kwa ile ng' inayoanzia puani,
kama mtu anayeguna kabla ya kukubali.
Karani alikuwa na kalamu ya kuchovya,
na foleni, na jua, na sikio la kwao.
Akaandika alichokiweza.
Kipande: siku thelathini, alama thelathini,
na jina lililoandikwa ndilo lililolipwa.
Nyumbani bibi alimwita lile.
Siku ya mshahara aliitikia hili.
Lile maana yake mjukuu.
Hili halina maana. Liko kwenye cheti changu cha kuzaliwa,
cha darasa la saba, cha ndoa.

Hakuna aliyetia tanbihi chini ya kipande.

Mbaruku akavuta waya wa maiki, akaunyoosha,
ingawa haukuwa umejikunja.
Nikarudi ukurasa wa arobaini na moja.
Safari hii sikulipa vitanda.
Nilifunga midomo. Nikaliacha lianzie puani,
kule alikoanzia yule mzee,
nikaliachia kidogokidogo, kama mtu anayejitaja
mbele ya asiyemsikiliza.

Sijui lilitokaje. Sikulisikia vizuri.
Niliona tu vinyweleo vya mkono wa Mbaruku
vikisimama kimoja kimoja,
na kidole chake kikibaki hewani.

“Hivyohivyo,” akanong'ona.
Nikafunua arobaini na mbili.
Limo mara sita.