Rasimu ya Nne

Kwa Mkuu wa Idara ya Hesabu,
ghorofa ya sita, Ruwi, Maskati.

Barua yenyewe nitaiandika kwa Kiarabu,
yenye tarehe mbili na mstari wa kutia sahihi.
Hii naiandika kwa lugha ya jikoni kwetu,
maana Kiarabu changu kina adabu mno,
huomba radhi kabla hakijasema.

Bwana,
miaka kumi na saba nimelinganisha vitabu vyenu.
Sijapoteza baisa moja.

Mwezi wa Machi nilikwenda Bahla, hitimani.
Jua likanisukuma kwenye karakana ya vyungu,
nikaomba maji tu.
Shafikul akanipa maji, kisha akanipa bonge la udongo,
nadhani ili nisimsumbue.
Chungu cha kwanza kilianguka ubavu
kama mtu aliyepewa habari amesimama.
Cha pili kilikaa.
Nikasikia adhana ya alasiri,
nikadhani ni ya adhuhuri.

Tangu hapo kila Ijumaa,
saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.
Jumapili nikikuletea mafaili
nilikuwa nikikunja vidole
usione kucha.

Shafikul aliniuliza mshahara wangu.
Nikamtajia.
Akalisimamisha gurudumu.
"Wewe mgonjwa?" kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.
Yeye kaacha mke na shamba la mpunga
aje afinyange vyetezo vya watalii,
na kila mwisho wa mwezi yumo kwenye foleni
ya kupeleka pesa kwao.
Sikuwa na jibu.
Nikamlipa ada ya masomo, akaihesabu mara mbili.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa anapepeta mchele.
"Mfinyanzi hulia gae," akasema,
"na sisi hatukuvuka bahari na sanduku moja
ili wewe ulie gae."
Nikamuuliza: hulia ya kula,
au hulia ya machozi?
Akapuliza makapi.
"Hiyo utaijua mwenyewe."

Basi nimepiga hesabu, ndiyo kazi mliyonifunza.
Kiinua mgongo: miezi kumi na minne,
kumi na mmoja Asila akipata chuo.
Gari: litauzwa.
Kiyoyozi: chumba kimoja, cha Mama.
Tanuri: limetumika, linatoka Sharja,
mlango wake umefungwa kwa waya.
Vyungu vitakavyouzwa:
hapa nimeacha wazi.
Miaka kumi na saba sijawahi kuacha safu wazi.
Usiku ule sikulala,
lakini si kwa hofu peke yake.

Utaniuliza, kwa nini sasa,
na umri huu, na uchumi huu.
Rasimu ya kwanza ilikuwa na sababu tano.
Ya pili ilikuwa na aya ya Kurani,
nikaona namsingizia Mungu.
Ya tatu nilimlaumu wewe; niwie radhi.
Sababu ninayo moja na haijai mstari:
udongo ukikosea, unauona.
Unaukanda tena.
Kule kwenu kosa langu lilikuwa tarakimu,
na usahihi wangu pia tarakimu.

Jana nilimkuta Mama kaweka tende
katika bakuli langu lililopinda mdomo.
Hatukusemezana.
Baadaye, akimimina kahawa:
"Linavuja."
Kisha, bila kunitazama:
"Lakini tende hazivuji."

Naomba uipokee ilani hii ya siku thelathini.
Atakayekaa kwenye kiti changu mwambie
kabati la risiti za zamani hukwama.
Asilazimishe ufunguo.
Auinue kidogo, kwa ncha za vidole,
asikilize,
ndipo auzungushe.

Rayya binti Nasor