Mshale

Elinami alipenda rumba, ile ndefu,
gitaa linazunguka kama nzi ndani ya chupa.
Mimi kwaya: sauti nne,
kila neno limepigwa pasi.
Kibanda kimoja cha mitumba Kiborloni, redio moja.
Akienda kunywa chai, nasogeza mshale.
Akirudi haulizi, anaurudisha
kwa kidole kimoja, andazi bado kinywani.
Miaka kumi na tisa.

Julai hii napanga makoti peke yangu,
mlima umejifunika tangu Jumatatu.
Mshale uko pale pale alipouacha.
Gitaa linazunguka, halichoki, halifiki.
Silipendi, Elinami. Hata leo silipendi.
Ila nikinyoosha mkono niugeuze,
nyuma yangu, kwenye marobota,
nasikia mtu anatafuna.