Hali ya Kuamuru

Chuo chetu kiko juu ya duka la dawa, Malindi mjini:
ngazi ya zege, mlango wa kijani, feni moja
inayokohoa kuliko wagonjwa wa chini.
Tuko kumi na wanane. Mwalimu Tsofwa
anaandika ubaoni kwamba meza ni mwanamke,
kisu ni mwanamume.
Swabra akanyosha mkono: "Na bahari?"
Mwanamume.
Darasa zima likageukia dirisha
kana kwamba tumedanganywa miaka yote.

Nasi tuna ngeli, mwalimu, nikasema,
za watu, za miti, za vitu,
ila hatujawahi kuivua meza kitambaa
tukaichungulia.

Konsonanti pacha zilinishinda.
Nilitaka kalamu, penna, nikasema pena,
kumbe nimekiri mbele za watu
kuwa nina huzuni.
Sikuwa nayo. Ilikuja baadaye,
nyumbani Maweni, daftari wazi jikoni,
na mama, Nyevu wa Kombe, viganja ndani ya unga,
akanisikia nikinong'ona vitenzi
akanimalizia:
Lava. Stira. Porta. Chiudi. Subito.
Fua. Piga pasi. Leta. Funga. Sasa hivi.

Miaka ishirini na mmoja katika nyumba ya wenyewe,
na kitenzi kwake kina sura moja tu,
ile ya kidole kilichonyooshwa.
Nikamwonyesha ukurasa wa hamsini na tatu:
kitenzi hicho hicho chaweza kusema ningependa,
chaweza kusema laiti, na huenda, na kama hutajali.
Akajipangusa, akausoma polepole
kama mtu anayetembezwa vyumba vya ghorofani
vya nyumba aliyofagia chini tu.
"Haya yote yalikuwamo?"

Lakini usiwahi kumhurumia.
Kitabu chetu cha utamaduni kina picha za rangi:
kahawa ya maziwa haiagizwi baada ya chakula cha mchana,
tambi hazikatwi kwa kisu.
Mama hucheka. Anajua yasiyopigwa picha:
kwamba signora Ornella, kila Novemba, siku ya wafu,
alipika dengu za marehemu mamake,
akaandaa sahani moja ya ziada
na ole wake atakayeigusa.
"Kama sisi na koma zetu," asema mama,
"ila wao hawamwagi. Wanaitazama tu ikipoa."
Anajua mzee alilia kwa lahaja ya kwao
isiyojulikana hata na mkewe.
Anajua wakiuza nyumba hawaagi.

"Penna," ananiambia. "Ikalie hiyo n.
Ikandamize kama nazi kwenye mbuzi,
usiondoke kabla haijatoa tui."

Jumanne tulifundishwa Lei,
wewe ya heshima, ya mtu usiyemzoea
au unayemstahi.
Nilimuuliza mama. Hakuwahi kuitwa hivyo.
Hata wajukuu wa umri wa miaka minane walimwita tu,
na tu kwao ni wewe,
na tu kwetu ni tu,
basi, hakuna zaidi.

Saa kumi nilichemsha chai ya tangawizi,
nikatandika kanga mezani, nikasimama wima:
"Signora, Lei gradisce un tè?"
Akatazama mlangoni.
Akatazama tena. "Nani kaja?"
Sikujibu. Nilibaki na birika mkononi
mpaka likaanza kuniunguza,
mpaka akaelewa.

Alivua aproni. Akaketi taratibu
kwenye kiti cha plastiki chenye mguu wa waya,
akakunja nne, akainua kidevu
(nani alijua alikuwa akimwigiza muda wote huo?)
akasema: "Zucchero. Due."
Kisha, jicho moja likinicheka:
"Subito!"

Sukari ilikuwa imekwisha.
Nilishuka mbio hadi dukani kwa Shekue,
nikagonga kaunta, nikasema zucchero,
k zote mbili kamili,
na Shekue, kalamu sikioni, mizani mbele yake,
akaniuliza kwa upole:
"Unasema wataka nini, mwanangu?"