Kuvumwani na Nondo

Amani, mwezi wa tatu, mvua haijaamua.
Bi Tumsifu amelala kifudifudi juu ya jiwe,
lenzi jichoni, matope mpaka kidevuni,
anahesabu kitu nisichokiona.
"Njoo," ananiita. "Usikipumulie."

Nainama. Ukijani wa ukubwa wa kucha ya mtoto,
vijitawi vyembamba kuliko uzi
vimeng'ang'ania jiwe kama kupe.
Jiwe hili tu, ananiambia, na labda lile
la ng'ambo ya maporomoko, lililobiringika mwaka jana.
Kina jina refu la Kilatini, la kulitamka ukiwa umeketi.
Kwetu ni kuvumwani, basi,
sawa na cha kwenye tangi la maji, sawa na cha ukuta wa choo,
kama mtu anavyowaita watoto wote wa mtaa "we mtoto".

Nondo, yeye, jina lake lina kazi nyingi:
nondo wa taa,
nondo za zege,
na zile nondo anazozishusha mwalimu Kihiyo mkutanoni
hadi mwenyekiti anaomba maji.
Usiku wanajaa kwenye balbu ya zahanati,
hakuna anayewahesabu.
Asubuhi nawafagia. Ndiyo kazi yangu,
hiyo na kumbebea Bi Tumsifu ngazi.

Mmoja wao, sijui yupi,
alitaga ndani ya sanduku la marehemu baba.
Wanawe wakala koti la sufu
alilopandia kijito hiki miaka ishirini akiwaongoza wageni;
wakabakiza vifungo sita na ukosi.
Siku ya mazishi mama hakulia.
Alilia siku ya koti.

Nikamuuliza Bi Tumsifu:
kikifa hiki, nani ataliona pengo?
Akafuta lenzi kwa upindo wa blauzi. Akafuta tena.
"Mimi," akasema. Halafu:
"Na wewe. Si nimeshakuonyesha?"

Nilikasirika kidogo. Sikuomba kuonyeshwa.

Usiku nikapanda tena, peke yangu, kurunzi mkononi.
Nikakikuta kipo.
Nondo mmoja akaufuata mwanga wangu,
wa kawaida, hana hata doa la kumjulia,
akatua palepale, juu ya kile chote kilichobaki duniani,
akakunja mabawa.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka.

Nikazima kurunzi.
Tukakaa gizani, watatu,
mimi nimebana pumzi.