Kipimo cha Unyevu

Marobota ya Hola yalishushwa Changamwe usiku.
Fundi Mwachiro, waya ulipokatwa tu,
alichomoa kishungi, akakibana
kati ya gumba na kidole cha shahada, akaachia.
Hakikuanguka.
"Tamu," akasema, kama mtu aletaye habari ya msiba.

Utamu si wa pamba. Ni wa vidukari,
wadudu wapitao tundu la sindano bila kuinama,
waliofyonza majani msimu mzima
wakaitemea sukari pamba iliyokwisha pasuka.
Mchumaji alidhani ni umande.
Sisi huijua saa nne, rola zikishapata moto:
utando wakatika, wajizonga,
na mashine nambari saba yalia kama mbuzi kwenye seng'enge.

Sikia hesabu yetu, wewe uliyevaa shati.
Hewa ikiwa na maji, vumbi hutulia,
hunaswa na ile sukari, likalala nyuzini.
Twapumua. Ila pamba yang'ang'ania chuma,
na kila robo saa nazima, nakwangua
kwa kisu cha siagi.
Hewa ikikauka, sukari husahau kunata.
Pamba hukimbia, meneja hucheka,
na vumbi, lisilo na wa kulishika,
hupanda hadi kwenye taa, kisha hututafuta.

Mombasa haikauki kwa hiari.
Walinunua mtambo wa kuikausha.
Sitini. Hamsini na tano. Jumatatu hii, arobaini na nane.

Dzame wa meza ya pili ana kifua cha Jumatatu:
Ijumaa chafunguka, Jumapili aimba kanisani Mikindani,
kesho yake chafungwa tena, kama duka la mtu mwenye madeni.
Hasemi. Ahesabu ngazi za choo.

Jana, zamu ya usiku, Mwachiro alikwenda kula.
Nilikizungusha kile kitasa
hadi hamsini na sita. Sikumwambia mtu.
Nambari saba ikalia. Nikazima, nikakwangua,
nikazima tena. Mara kumi na moja.
Dzame alikuwa akifunga uzi, mdomo umefumba,
akipumua kwa pua.

Kilichobaki kisuni ni bonge jeusi,
sukari iliyokwisha meza vumbi.
Nililionja, sijui kwa nini.
Tamu, ndiyo. Halafu mchanga.