Jani la Isale

Karatasi huwa sinunui.
Naandika nyuma ya kalenda ya usharika
mwezi ukishapita,
au mfuko wa sukari nikiuchana, nikaunyoosha kwa kiganja,
kisha natunga kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko,
pamoja na bili za maji.

Jumanne, baridi ya Julai hapa Rau,
Anaeli akawashia mkaa Machi yangu.

Machi nzima. Mistari kumi na tisa
juu ya mikono ya mama yake
akichambua maharage barazani,
mwaka ule wa mwisho, macho yameshamtoka,
anachambua kwa vidole.
Miezi mitatu nilikuwa naufuta mstari mmoja na kuurudia.
Chai ikachemka.
Akaniletea kikombe, moshi bado uko kwenye sweta lake.

Sikupiga kelele.
Afadhali ningepiga.

Siku tatu tukapishana ukumbini kama wapangaji.
Chumvi akaomba kwa kidole.
Jumatano nikaenda ibada ya alfajiri,
mchungaji akanena, sikumbuki alinena nini,
nilikuwa nahesabu silabi zilizoungua.
Nikarudi, nikakamata sufuria la ugali
nikalisugua kwa majivu, yawezekana ni majivu yaleyale,
nikisali kwa hasira: Mungu, umemwona huyu?
Nilisugua mpaka kitako cha sufuria kikanirudishia uso,
mdomo umekunjwa, kilemba upande.
Sikuipenda sura ile.
Nikasema amina, maana sikuwa na la kuongeza.

Maji ya bombani Julai yanauma mifupa.
Yametoka juu huko, kwenye wingu ambalo wiki hii halikufunguka.
Nilikaa nayo mikononi muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji.

Ijumaa nikafungua kopo la sukari.
Ndani, limekunjwa mara mbili, limefungwa fundo:
jani la isale,
bichi, bado lina umande na mdudu mmoja mdogo
aliyedhani amefika peponi.

Kalichuma mpakani, kwetu na kwa akina Kinabo,
huyu mwanamume wa miaka sitini na moja
ambaye goti lake haliinami,
kainama.

Mbele ya isale mtu hakatai. Hivyo tulilelewa.
Lakini na mimi ni mwanadamu, nikamwambia:
Ulijua ni nini kilichoandikwa pale?

Akaangalia jiko.
"Nilijua. Huwa nazisoma, chai ikikawia.
Giza lilikuwa giza, nikadhani nimechukua bili."
Halafu, kwa sauti ile anayosomea matangazo ya jumuiya,
akaanza kuusema mmoja mmoja, mistari yangu,
akikosea, akirudi, akiruka wa saba,
ule niliokuwa naufuta na kuurudia
akaupitisha mdomoni kama mkate.

Miaka thelathini na mbili.
Nilikuwa nikidhani naandika peke yangu.

Alipofika mwisho hakunyamaza.
"Kuna kitu hukuweka," akasema.
"Yale mabovu mama hakuyatupa.
Aliyaweka pembeni, jioni anayafukia mgombani,
anasema, Mungu naye ana jicho lake la kuchambulia."

Kikapita kimya, kuku wa jirani akakijaza.
Nikachomoa Aprili kwenye msumari.
Kalamu haikuandika, akaipuliza, akaisugua kiganjani,
ikaandika.

Sasa shairi lina mistari ishirini na mitatu,
mitano si yangu,
na mmoja wa zamani umepotea, hatuupati,
sote wawili tumeutafuta mpaka ugali ukashika chini.

Jani nimeliacha kwenye sukari.
Chai ya jioni ilikuwa na harufu ya majani mabichi.
Tumeinywa hivyohivyo.