Roho Juu

Saumu ameangusha kifuniko cha sufuria.
Kabla sikio halijajua ni kifuniko
magoti yamejua,
na mimi niko chini ya meza,
mdomo kwenye simiti,
nanusa vumbi na mafuta ya mahamri.
"Ni mimi," asema. "Ni mimi tu."
Namsikia.
Mwili hausikii Kiswahili.

Mwili bado uko gatini, Kilindini,
asubuhi ile ya manyunyu,
mkono nimeunyoosha, kiganja chini,
namwashiria mwenye kreni: shusha,
taratibu, shusha,
na Chivatsi anacheka kitu nilichomwambia.
Waya ulipokatika haukulia kama waya.
Ulilia kama kifuniko.

Hadithi nimeisimulia mara kumi na moja,
kwa polisi, kwa watu wa bima, kwa mabwana wa kampuni
walioniuliza kiganja kilitazama wapi.
Ulimi ulisema, ukasema, ukakauka.
Kuanzia kooni kwenda chini
hakuna aliyetoa neno.

Huku Chaani walisema jini.
Mama akaniletea kombe,
aya za zafarani zimeyeyuka bakulini,
nikanywa. Wala sidharau:
usiku ule nililala hadi adhana.
Usiku wa pili malaika wakanisimama tena,
mkono mzima, shingo nzima,
kama askari walioamrishwa na mtu nisiyemwona.

Kliniki ya Tudor, Sista Mbeyu hakuuliza hadithi.
Aliniuliza nyayo ziko wapi.
"Ndani ya viatu."
"Vivue."
Vigae vinne, baridi, kimoja kina ufa.
Akaniagiza niutafute ule ufa kwa kidole gumba.
Mwanamume wa miaka arobaini na mitatu,
mpakuzi wa meli,
anatafuta ufa kwa kidole cha mguu!

Woga, akanieleza, haukai kichwani peke yake.
Una mishipa yake. Unateremka shingoni,
unaukamata moyo, unaibana pumzi,
unafunga tumbo kama duka saa ya swala,
na hauna imani na maneno.
Unaamini uzito. Unaamini joto.
Unaamini pumzi inayotoka polepole kuliko ilivyoingia.

Wiki ya tano mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka.
Nikaukamata kwa mikono miwili, haya imenijaa.
"Uache," akasema. "Unamalizia mbio ulizonyimwa."
Nikamkumbuka paka wa jirani
aliyekoswakoswa na tuktuk:
alitetemeka kando ya ukuta, akajilamba,
akaenda kuiba samaki.
Hakuna aliyemwambia ajikaze kiume.
Nikauachia.
Mimi nimeketi, mguu unakimbia,
toka gati hadi lango, toka lango hadi Changamwe,
unamwita Chivatsi,
na machozi yakaja bila kuitwa,
kisha miayo, miayo mfululizo, kama mtoto.

Roho juu, twasema, wala hatutazami juu.
Mimi natazama.
Kontena la futi arobaini linaning'inia kifuani,
waya mmoja.
Halishuki kwa kelele,
halishuki kwa anayesema *sahau, ni kudura*.
Hushushwa kwa ishara, inchi baada ya inchi,
na anayeshusha sharti aione ardhi.

Kwa hiyo honi ya bandari ikilia
nakileta kiganja kilekile kifuani,
kinatazama chini.
Shusha.
Siku nyingine halitui,
linabaki hewani hadi alfajiri, nami chini yake.
Gatini sijarudi. Huenda nisirudi.
Mjane wa Chivatsi bado sijaweza kumtazama machoni.

Jana usiku, jikoni, kimya,
kitu kikanguruma.
Saumu akageuka ghafla, mwiko mkononi,
sasa yeye ndiye aliyeshtuka.
Lilikuwa tumbo langu,
limefungua duka baada ya miezi minane.
"Ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi tu.
Viazi karai vimebaki?"